Hollywood ya zamani ilivyochagua watoto wa kuigiza

Swali la msomaji: "Nimetazama filamu ya The Kid ya Charlie Chaplin pamoja na wanangu, na yule mtoto alitufanya sote tulie. Baadaye nikasikia kwamba alipokuwa mtu mzima alikuta hela zake zimeshaliwa nyumbani kwao. Naomba nieleweshwe mambo matatu. Watoto wa filamu za miaka ya 1920 na 1930 walichaguliwa kwa vigezo gani? Je, ni kweli Shirley Temple alikosa nafasi katika The Wizard of Oz kwa sababu mwigizaji mwingine alifariki? Na sheria ilikuwa wapi wakati hela zile zinaliwa?"

Jibu:

Dada yangu, nianze na vigezo, maana ukivielewa, maswali yako mawili yaliyobaki yatakuwa mepesi. Watu hudhani mtoto alichaguliwa kwa kipaji na sura. Vyote viwili vilihitajika, lakini watoto wenye sura nzuri na kipaji walijaa Los Angeles. Kilichoamua nani aitwe na nani arudishwe nyumbani kilikuwa kimo cha mtoto, saa alizoruhusiwa kufanya kazi, na mzazi aliyekuja naye. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa na uzito kuliko vyote, na ndicho kilichokuja kuwatia umaskini.

Kwanza ujue kwamba hapo mwanzo watayarishaji mara nyingi hawakuwataka watoto kwa nafasi kubwa za kitoto. Walimtafuta mtu mzima mwenye umbo dogo. Mary Pickford, aliyezaliwa 1892, aliigiza binti mdogo katika Pollyanna mwaka 1920 akiwa na miaka 27, na mwaka uliofuata katika Little Lord Fauntleroy akacheza nafasi mbili, ya mvulana na ya mama wa mvulana huyohuyo. Ili aonekane mdogo, mafundi walitengeneza viti, meza na milango mikubwa kupita kawaida, na waigizaji warefu wakasimamishwa kando yake. Hata Peter Pan ya 1924 alipewa Betty Bronson, msichana wa miaka 17, baada ya mwandishi J. M. Barrie mwenyewe kumkubali kutokana na majaribio ya kamera. Sababu yake ilikuwa ya kikazi. Mtu mzima hasinzii saa nane mchana, hang'oki jino katikati ya kazi, na harefuki sentimita 5 kabla filamu haijakamilika.

The Kid ndiyo iliyobadilisha hesabu hiyo. Mwaka 1919 Chaplin alimwona Jackie Coogan katika jukwaa la Orpheum, Los Angeles, ambako baba yake, Jack Coogan, alikuwa mcheza dansi wa vodevili, yaani maonyesho ya jukwaani ya nyimbo, dansi na vichekesho. Jackie alikuwa hajafikisha miaka 5. Baba alimpandisha jukwaani mwishoni mwa onyesho lake, na mtoto akaiga miondoko ya watu wazima pasipo haya. Baadaye Chaplin akasikia kwamba Coogan ameshasainiwa na mchekeshaji mwenzake, Roscoe Arbuckle, akahangaika kweli, mpaka akaambiwa aliyesainiwa ni baba, si mtoto. Hapo akamtafuta baba na kuomba mtoto. Alimjaribu kwanza katika kijisehemu kidogo cha A Day's Pleasure, filamu fupi ya mwaka uleule, kisha akamwingiza katika The Kid, iliyotoka mapema 1921.

Tazama alichokuwa anakitafuta Chaplin. Mtindo wake ulikuwa kurudia tukio hata mara kadhaa kadhaa. Kwa filamu hii alipiga utepe mrefu zaidi ya mara 50 kuliko ule uliobaki katika toleo la mwisho. Mtoto mwenye kipaji lakini mwenye kuchoka haraka angemharibia kila kitu. Jackie alikuwa na sifa isiyo ya kawaida kwa umri wake: ukimwonyesha kitendo, alikirudia vilevile, na kila mara kikaonekana kipya. Zaidi ya hayo, baba yake aliingizwa kwenye malipo ya studio ili awepo kila siku. Aliigiza vijisehemu kadhaa mle ndani, kikiwemo cha mwizi wa mfukoni katika nyumba ya kulala wageni maskini, na ndiye aliyekuwa akimwandaa mwanawe kwa kila tukio.

Lile tukio la machozi, mtoto anapotupwa ndani ya gari la kituo cha mayatima huku akinyoosha mikono, lilipatikana baba alipomtishia mwanawe kwamba asipolia atapelekwa huko kweli. Kilio unachokiona si maigizo matupu. Nitakurudisha kwenye jambo hili, kwa sababu lilikuwa njia ya kawaida ya kazi.

Baada ya The Kid kila studio ikataka Coogan wake, na hapo ndipo uchaguzi ukawa shughuli yenye taratibu zake. Kwanza ni uso. Filamu iliyotumika wakati ule, ya othokromatiki, haikuiona rangi nyekundu. Kila chenye wekundu kilitoka cheusi. Rangi ya buluu nayo ilitoka karibu nyeupe. Kwa hiyo mtoto mwenye macho ya buluu hafifu angeweza kutoka kama asiye na mboni, ilhali mwenye macho meusi au ya kahawia, kama Coogan, aliandikika vizuri hata kwa mbali. Madoadoa mekundu ya usoni yalitoka kama matone ya wino, na kwa miaka mingi yalifunikwa kwa rangi za mapambo. Kisha mwongozaji Marshall Neilan akamwacha Wesley Barry na madoadoa yake wazi. Watazamaji wakampenda, na tangu hapo mvulana mwenye madoadoa akawa aina ya mtoto inayotafutwa kwa jina. Filamu za pankromatiki, zinazoona rangi zote, na taa za balbu ziliposhika nafasi mwishoni mwa miaka ya 1920, tatizo la macho likapungua. Taa za zamani za arki ziliumiza macho ya kila mtu kwa mionzi yake, na kwa mtoto mchanga zilikuwa hatari kabisa.

Pili ni mahali pa kuwapata. Mwanzoni wazazi walipanga foleni kwenye mageti ya studio tangu alfajiri, na mawakala wasioaminika waliwatoza ada kwa ahadi za bure. Ili kukomesha vurugu hiyo, chama cha watayarishaji kikaunda Central Casting, ofisi ya kuandikisha waigizaji wa ziada, mwishoni mwa 1925. Mzazi alimwandikisha mtoto kwa picha, umri, kimo, rangi ya nywele, nguo alizonazo na ujuzi wake: kuogelea, kupanda farasi, kucheza dansi. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya simu. Jioni mzazi anapiga kuuliza, na mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kazi, ajaribu tena baadaye. Malipo ya mwigizaji wa ziada yalianzia dola 3 kwa siku. Nafasi kubwa hazikupatikana huko kwa urahisi. Hizo zilitoka kwenye vodevili, shule za dansi na jamaa za wafanyakazi wa studio wenyewe. Baby Peggy, yaani Peggy-Jean Montgomery, aliingia akiwa hajafika miaka 2, baba yake akiwa mpanda farasi wa filamu za wachunga ng'ombe. Kilichomuuza ni utii: baba akipiga kidole, mtoto anatenda. Kwa studio ndogo iliyotoa filamu fupi mfululizo, hiyo ilikuwa na thamani kuliko sura.

Tatu ni saa. Hili halisemwi sana, na ndilo lililoamua mengi. Kufikia miaka ya 1930, kwa sheria za California, mtoto wa umri wa shule aliruhusiwa kukaa studio saa 8: saa 4 za kazi, 3 za masomo, na 1 ya chakula na michezo. Alihitaji kibali, na mwalimu wa studio aliyeidhinishwa na mamlaka ya elimu alikuwa na nguvu ya kumtoa mtoto mbele ya kamera muda ukiisha, hata mwongozaji akiwaka hasira. Wachanga waliruhusiwa dakika chache tu kwa mara moja. Sasa fikiria gharama: filamu ambayo mhusika mkuu ni mtoto inapata nusu tu ya siku ya mtu mzima. Ndiyo maana mapacha walitafutwa kwa nafasi za wachanga, mmoja alale mwingine afanye kazi. Ndiyo maana mafundi wa taa walipewa mtoto mwingine wa kimo kilekile asimame mahali pa nyota wakati taa zinapangwa. Na ndiyo maana mtoto aliyepatia kwa mara ya kwanza alilipwa kuliko mwenye kipaji kikubwa aliyehitaji kurudiarudia. Chaplin aliweza kumudu marudio kwa sababu studio ilikuwa yake mwenyewe, wengine hawakuweza.

Mfano mzuri wa vigezo hivi vyote kukutana ni Our Gang, mfululizo wa filamu fupi ulioanzishwa na Hal Roach mwaka 1922 huko Culver City. Roach mwenyewe alisimulia kwamba siku moja aliletewa binti aliyepakwa rangi za usoni na kufundishwa kila ishara ya mkono, akamchosha. Alipotazama dirishani akaona watoto wakigombania vipande vya mbao, nani achukue kipi, naye akajikuta amewatazama kwa dakika 15. Akaamua kutafuta watoto wa namna hiyo. Lakini usidhani uchaguzi wake ulikuwa wa bahati nasibu. Kundi lilijengwa kwa nafasi zisizobadilika: mnene, mwenye madoadoa, binti wa nywele za dhahabu, mtoto mweusi, mdogo kuliko wote. Mtoto akikua, nafasi ilibaki na mtu akabadilishwa. Joe Cobb alipokuwa mkubwa mno, Norman Chaney akapatikana kwa shindano akashika nafasi ya mnene mwaka 1929. Spanky McFarland aliletwa kutoka Dallas mwaka 1931 akiwa bado mdogo sana. Carl Switzer, aliyepewa jina la Alfalfa, na kaka yake waliimba tu katika mkahawa wa studio mwaka 1935 watu wakila, wakapewa mikataba.

Watoto weusi wa kundi hilo wanastahili kutajwa kwa majina. Ernie Morrison alikuwa tayari na mkataba na Roach kabla Our Gang haijazaliwa, na ndiye nyota wa kwanza mweusi mtoto katika Hollywood. Allen Hoskins, aliyeitwa Farina, alikaa hadi 1931, na katika miaka yake ya mwanzo alivalishwa na kusukwa nywele kiasi kwamba mtazamaji hakujua kama ni wa kike au wa kiume. Matthew Beard akamfuata. Walicheza na kusoma pamoja na wenzao weupe, jambo lisilowezekana wakati huo katika shule nyingi za kusini mwa Marekani. Hata hivyo vichekesho walivyoandikiwa vilijaa dhihaka za rangi yao, na studio nyingine hazikuwa na nafasi yoyote ya maana ya kuwapa walipotoka hapo. Mtoto mweupe aliyeng'ara kwa Roach alinunuliwa na studio kubwa; Jackie Cooper alikwenda hivyo. Morrison alirudi kwenye majukwaa ya vodevili. Hilo nalo lilikuwa uamuzi wa uchaguzi, na unaumiza ukiwaona jinsi walivyokuwa hodari.

Huyo Cooper ndiye atakayenirudisha kwenye machozi. Mwaka 1931 aliazimwa na studio ya Paramount kuigiza katika Skippy, na mwongozaji alikuwa Norman Taurog, mjomba wake kwa ndoa. Tukio la kilio lilipokwama, mbwa wa mtoto alichukuliwa na kupelekwa nyuma ya mandhari ya studio, mlio wa bunduki ukasikika, mtoto akaambiwa mbwa ameuawa. Alilia mpaka wakapata walichotaka, kisha akaonyeshwa mbwa yuko mzima. Akaendelea kulia, hakuweza kujizuia. Taurog alipata tuzo ya Oscar ya uongozaji kwa filamu hiyo, na Cooper akateuliwa kuwania ya mwigizaji bora akiwa na miaka 9. Miaka 50 baadaye aliandika kumbukumbu zake na kichwa cha kitabu kikawa ombi lake la siku ile: tafadhali msimpige risasi mbwa wangu. Waongozaji wa aina hii walimpendelea mtoto ambaye ndugu yake yuko tayari kushiriki hila. Mzazi ambaye angesimama na kusema hapana, mtoto wake hakuitwa mara ya pili.

Sasa Shirley Temple. Alizaliwa 23 Aprili 1928 huko Santa Monica, akapelekwa na mama yake, Gertrude, katika shule ya dansi ya Meglin akiwa na miaka 3. Huko ndiko mwongozaji Charles Lamont wa Educational Pictures alikomwona na kumwingiza katika filamu fupi za Baby Burlesks, watoto wadogo wakiiga filamu za wakubwa. Katika studio ile palikuwa na kijumba cheusi cha mafundi wa sauti, ndani kimewekwa bonge la barafu. Mtoto aliyevuruga kazi alifungiwa humo, akae juu ya barafu au asimame kwenye baridi. Shirley alimwambia mama yake, mama akadhani ni hadithi za kitoto.

Mwaka 1934 studio ya Fox ilikuwa inatafuta binti wa kuimba na kucheza na mwigizaji James Dunn katika Stand Up and Cheer!. Ikamchukua Shirley. Mkataba wake wa mwanzo ulikuwa wa dola 150 kwa wiki. Angalia kifungu kilichofuata: mama naye alipewa dola 25 kwa wiki kama mtengeneza nywele na mwalimu wa mtoto. Miezi michache baadaye, umaarufu ulipolipuka, mtoto akapanda hadi dola 1,000 na mama hadi 250. Fox ilijua inachokinunua. Gertrude ndiye aliyemsomea mtoto maneno ya kesho kila usiku kabla ya kulala, na ndiye aliyeviringisha nywele zile vishungi 56, kila usiku, idadi ileile, ili picha ya Jumanne ifanane na ya Jumatatu. Asubuhi Shirley alifika anajua mistari yake na mara nyingine ya wenzake, akapatia mara ya kwanza. Kwa mtayarishaji mwenye saa 4 tu, huyo alikuwa hazina. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, daktari alimtengenezea vipande vya kuziba mapengo, maana tukio likianza na jino na kuisha bila jino, mtazamaji ataona.

Fox ilimpunguzia pia mwaka mmoja wa umri, na cheti cha kuzaliwa kikarekebishwa kisome 1929. Yeye mwenyewe hakujua. Alipodhani anatimiza miaka 12 ndipo mama yake akamwambia ni 13. Ujanja huu ulikuwa wa kawaida: mtoto wa miaka 5 anayecheza dansi ni muujiza, wa miaka 6 ni mwanafunzi mzuri tu. Na mwaka mmoja wa kuiba ulikuwa mwaka mmoja zaidi wa mauzo kabla hajarefuka. Kutoka 1935 hadi 1938 aliongoza orodha ya nyota wanaouza tiketi nyingi zaidi Marekani, akiwapita watu wazima wote.

Hapo ndipo linaingia swali lako la pili. Hadithi unayoisikia ni kwamba studio ya MGM ingemwazima Temple kutoka Fox kwa ajili ya The Wizard of Oz, na kwa kubadilishana ingewapa nyota wake, Jean Harlow. Harlow akafariki, mpango ukafa. Tarehe zinaikataa. Harlow alifariki 7 Juni 1937, na MGM ilinunua haki za kitabu kilichozaa filamu hiyo mwaka 1938. Kilicho kweli ni kwamba wakubwa wa kampuni huko New York walitaka jina la Temple kwa sababu ya tiketi, na Roger Edens, mtu wa muziki wa MGM, alitumwa kumsikiliza akiimba. Sauti yake ilikuwa tamu lakini ndogo kwa nyimbo zilizokusudiwa. Nafasi akapewa Judy Garland, aliyekuwa na mkataba na MGM tangu 1935, na sauti yake ilijaza ukumbi. Tatizo lake lilikuwa umri: alikuwa na miaka 16, mhusika akiwa binti mdogo zaidi. Kwa hiyo kifua chake kilibanwa kwa nguo maalumu, na mwanzoni akavalishwa nywele za bandia za dhahabu na mapambo mazito. Mwongozaji wa kwanza, Richard Thorpe, alipoondolewa, George Cukor alipita siku chache tu studioni, akazitupa nywele zile na kumwambia aigize kama msichana wa kawaida kutoka Kansas. Kwa maoni yangu, siku hizo chache ndizo zilizookoa filamu nzima.

Uamuzi mwingine wa namna hiyo ulikuwa wa David Copperfield ya 1935. Louis B. Mayer, mkuu wa MGM, alimtaka Jackie Cooper, Mmarekani aliyekwisha julikana. Mtayarishaji David O. Selznick alishikilia kwamba mvulana wa Kiingereza lazima awe Mwingereza, akasafiri na Cukor hadi Uingereza. Sheria ya kule iliwabana watoto wadogo kuhusu kazi ya filamu, lakini Freddie Bartholomew alifika Marekani na shangazi yake aliyemlea, akapata nafasi. Alipoanza kuvuna, wazazi wake wakajitokeza kumdai mahakamani, kesi zikafuatana, na sehemu kubwa ya fedha zake ikaishia kwa mawakili.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki niongeze moja. Filamu za Tarzan za MGM zilizoanza 1932 zilitumia picha zilizobaki kutoka filamu ya Trader Horn, ambayo kikosi chake kilipiga Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Nyika ni yetu, lakini mtoto wa Tarzan katika filamu ya 1939 ni Johnny Sheffield wa California, mwenye miaka 7. Baba yake, mwigizaji, aliona tangazo gazetini likiuliza nani ana Tarzan mdogo nyumbani kwake. Johnny Weissmuller, bingwa wa kuogelea aliyeigiza Tarzan, alishiriki kumchagua na akamfundisha kuogelea. Mtoto huyo ameokotwa msituni, hakuzaliwa na Jane, mwenzake Tarzan, kwa sababu Tarzan na Jane hawakuwa wamefunga ndoa na wakaguzi wa maadili wasingekubali. Sheffield alicheza hadi 1947, mwili ukawa mkubwa, akaondolewa.

Kuhusu fedha, msingi wake ni huu: kwa sheria ya kiraia ya California, mapato ya mtoto mdogo yalikuwa mali ya wazazi. Hayakuwa amana, yalikuwa mali yao. Mwaka 1927 sheria ikarekebishwa kuhusu mikataba ya watumbuizaji watoto: mkataba ukishaidhinishwa na mahakama, mtoto hakuweza tena kuukana kwa hoja kwamba alikuwa mdogo aliposaini. Marekebisho hayo yaliilinda studio. Jaji aliangalia kama mkataba ni wa haki. Hakuuliza hela zinaenda wapi. Na mkataba wenyewe ulikuwa wa miaka kadhaa kwa maneno, ila studio ilikuwa na hiari ya kuuvunja kila muda ulioandikwa ulipofika, mtoto hakuwa na hiari hiyo. Mtoto akirefuka ghafla, wanamwacha.

Jackie Coogan alihamia studio ya Metro mwaka 1923 kwa malipo ya awali ya dola 500,000. Nyumbani alipewa dola 6.25 kwa wiki. Katika filamu ya 1927 nywele zake zilikatwa mbele ya kamera, na kukatwa huko kukawa jina la filamu yenyewe, maana hata kukua kwake kulikuwa bidhaa. Baba yake, ambaye kwa masimulizi ya Jackie alikusudia kumtunzia, alifariki katika ajali ya gari Mei 1935. Oktoba mwaka huohuo Jackie alitimiza miaka 21 na hakupewa kitu. Mama yake, Lillian, aliolewa na Arthur Bernstein, msimamizi wa fedha za familia, na msimamo wao ulikuwa kwamba kisheria hela ni zao. Kwa herufi ya sheria hawakukosea. Alifungua kesi mwaka 1938. Kati ya mapato yaliyokadiriwa kuwa dola milioni 3 hadi 4, zilikuwa zimebaki kama 250,000, naye akaishia na takribani 126,000.

Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Coogan mwaka 1939. Iliiruhusu mahakama, inapoidhinisha mkataba wa mtoto, kuamuru sehemu ya mapato halisi, isiyozidi nusu, iwekwe akiba hadi awe mtu mzima. Udhaifu wake uko kwenye neno kuruhusu. Jaji hakulazimika kuamuru, na mkataba usiopelekwa mahakamani haukuguswa kabisa, kwa hiyo kazi za muda mfupi zilipita pembeni. Tena sheria ya zamani kwamba mapato ni ya mzazi ilibaki palepale. Ndiyo maana Shirley Temple, alipouliza hesabu zake mwaka 1950 akiwa na miaka 22, alikuta takribani dola 44,000 katika zaidi ya milioni 3 alizoingiza. Baby Peggy hakukuta hata hizo: baba yake aligombana na mtayarishaji Sol Lesser mwaka 1925, mkataba ukavunjwa, na baada ya miaka michache mtoto aliyekuwa nyota alirudi Hollywood kama mwigizaji wa ziada. Baadaye akawa mwandishi wa historia kwa jina la Diana Serra Cary, na ndiye aliyeeleza mfumo huu vizuri kuliko mtu yeyote. Alifariki 2020 akiwa na miaka 101.

Tundu lilizibwa kuanzia mwaka 2000. California ikatamka kwamba mapato ya mtoto katika kazi hizi ni mali ya mtoto, na mwajiri akalazimika kuweka asilimia 15 ya malipo ghafi katika akaunti iliyofungwa ambayo mzazi hawezi kuigusa, mkataba uwe umepita mahakamani au la. Mzazi anapaswa kufungua akaunti hiyo mapema na kumpa mwajiri maelezo yake. Asilimia 85 zilizobaki nazo ni za mtoto kisheria, ila hizo hupita mikononi mwa mzazi, na kuzifuatilia bado kunahitaji mtu wa kushtaki.